Aliyeitika Badala Yake

"Asante kwa maji ya jana, baba," mama alimwambia mwanawe asubuhi ile, naye akabaki na kiatu kimoja mguuni, kwa sababu jana hakumpelekea mama yake maji. Alimsikia akiita kutoka chumba cha nyuma, akasema moyoni nakwenda sasa hivi, akaendelea na kompyuta yake mpaka usingizi ukamchukua palepale mezani.

Alidhani ni dada yake, ambaye walisaidiana naye kumuuguza mama tangu apooze upande mmoja. Dada akacheka.

"Mimi? Mimi nililala mapema baada ya kusikia uko naye. Mlivyopiga soga, nikaona wivu."

Kazini walimwita Akiba. Alikuwa fundi wa mifumo ya kompyuta katika kampuni ya kusambaza oksijeni hospitalini, na hakuna kikao kilichopita bila yeye kuhubiri akiba ya data, hata wenzake wakawa wanamwigiza anapotoka. Mwezi ule alikuwa anaandaa mpango mzito: moto ukiwaka, umeme ukizimika, seva, ile kompyuta kuu, ikifa, kipi kirudishwe kwanza, kwa haraka gani, na nani. Meneja alitaka hospitali isikose jibu hata kidogo.

"Seva zitakuwa mbili," Akiba alimweleza. "Zinaulizana saa zote: upo? Nipo. Moja isipojibu, ya pili inashika kazi papo hapo. Mtu wa hospitali hajui hata kama kuna kitu kimekufa."

"Hajui kabisa?"

"Hajui, bosi. Hiyo ndiyo raha yake."

Meneja akamsifu mbele za watu. Lakini mganga hajigangi. Nyumbani kwa bingwa huyu, mama wa watu aliita mpaka koo likamkauka, na jibu alilolizoea lilikuwa "nakuja," kisha kimya.

Jioni moja mama aliita tena, "Mwanangu!" Akiba alikuwa kwenye sura ya majaribio ya mpango wake, pale mtu anapozima mtambo mkuu makusudi ili aone kama ule wa pili utaamka. Akafumbua kinywa aseme nakuja, na kabla neno halijatoka, sauti yake mwenyewe, ileile yenye kikohozi kidogo mwanzoni, ikaitika kutoka chumba cha nyuma, "Naam, mama," kisha kitanda kikalia kama mtu mzito ameketi ukingoni, kikombe kikagonga sahani, na harufu ya vumbi lililoungua, ile inayotoka kwenye seva iliyozidiwa na joto, ikapenya chini ya mlango, ikafuata ukumbi, ikamjia mpaka mezani alipokuwa ameganda, huku mama yake akicheka kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu baba afariki.

Alinyata mpaka kwenye upenyo wa mlango. Aliona bega lenye shati kama lake, na mkono ukimnywesha mama taratibu, kwa subira ambayo yeye hakuwahi kuwa nayo.

Na hapa ndipo aibu yake ilipo, wala tusimfunike. Hakupiga kelele. Alirudi kwenye kiti. Alijiambia kwamba angalau mama hayuko peke yake, na sura ya majaribio bado haijaisha. Siku zilizofuata mama akiita, yeye hakuinua hata kichwa. Alipata nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyomuumiza kuliko hofu.

Siku meneja alipoupitisha mpango, Akiba alirudi mapema, akaketi mezani. Punde dada akamjia.

"Kaka," alinong'ona, "umetoka chumba cha nyuma sasa hivi?"

"Nipo hapa tangu nirudi."

"Sasa nani anamchana mama nywele?"

Akiba akatazama chini.

"Kaka, nimeiona miguu yake. Usiniulize ikoje." Akamtazama usoni, akaelewa. "Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukamwachia mama?"

Akiba alitamani dada ampige kofi yaishe.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," dada akasema, akatoka kumtafuta mganga.

Mganga alikuja na pikipiki, mtu wa maneno machache, nguo zake zikinuka petroli. Akasimama ukumbini, akanusa, akatikisa kichwa.

"Huyu jini hakutumwa na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Kakuta kiti kitupu, kakalia."

"Anatoka?"

"Anatoka. Mama akiita, wahi wewe kuitika, uingie. Akikwambia karibu mwanangu, jini hana tena mahali. Lakini lazima mama akupokee kwa kinywa chake."

Wakangoja pale ukumbini, jua la mchana likiwaka dirishani. Akiba aliapa moyoni kwamba kuanzia leo atalala sakafuni kando ya kitanda kile.

"Mwanangu!"

"Naam, mama!" Aliitika kwa nguvu zote, akaingia mbio, akapiga magoti.

Mama alikuwa amenawiri, nywele zimesukwa vizuri. Alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Wewe nani, baba?"

"Mimi, mama. Mwanao."

"Hapana," alisema kwa upole. "Mwanangu namjua. Nikimwita, huja." Akainua shingo, akaita kupita juu ya kichwa cha Akiba, "Mwanangu!"

"Naam, mama."

Sauti ilitoka nyuma ya Akiba, na kikohozi kidogo mwanzoni. Dada akaziba mdomo kwa viganja. Mganga akainamisha kichwa, akaanza kurudi nyuma. Harufu ya vumbi lililoungua ikajaa chumbani, kitu chenye joto kikampita Akiba begani bila kumsukuma, na kitanda kikalia.

"Karibu, mwanangu," mama alisema, akitabasamu. "Na mwambie huyo mgeni akitoka afunge mlango."

Akiba akasimama, akatoka, akaufunga.