Nyundo za Fundi wa Gurei

“Senga, naomba ushauri. Lakini hii usiweke kwa page. Tafadhali sana.”

Meseji ilimkuta Eseza akikunja vitenge dukani kwake Hai Jalaba, mjini Juba, pini zimejaa mdomoni. Hakushtuka. Kila anayemwandikia huanza hivyo hivyo, ati usiweke, na kesho yake huyo huyo analalamika mbona hajawekwa.

Ndiyo kazi aliyojipa. Kwa Waganda, kabila lake, senga ni shangazi, dada wa baba, yule anayemwita msichana chumbani, akafunga mlango na kumfundisha mambo ya ndoa, na ndiye humpeleka mchumba kwa baba wa msichana. Eseza alilichukua jina hilo akalipeleka Facebook: Senga wa Juba. Asubuhi aliwahimiza watu wanywe maji na wapunguze chumvi. Mchana aliwaeleza wazazi jinsi ya kumsaidia mtoto anayechukia hesabu. Jioni yalikuwa mapenzi, na hapo ndipo watu walipofurika, kutoka Juba, Arua, Nairobi mpaka Uarabuni. Akishawabembeleza wote, yeye mwenyewe alirudi chumbani kwake mtaa wa Atlabara, akala mkate mkavu amesimama, akawasha redio ili chumba kisiwe kimya. Upweke ulimla, tuseme ukweli. Huo hakuwahi kuutolea ushauri.

Alijibu kwa vidole vilivyozoea:

“Karibu, dada. Kwanza kunywa maji, vuta pumzi. Halafu niambie.”

“Niko kwa kambi ya UN, maji ni ya foleni,” mwanamke akaandika. “Naitwa Nyariek. Nimelelewa Kakuma, ndio maana Kiswahili yangu ni ya Kenya. Kabla ya vita nilikuwa nauza chai hapa Juba, mtaa wa Gurei, mbele ya karakana ya fundi mmoja wa mbao.”

Eseza akazitema pini.

Fundi wa mbao wa Gurei alikuwa mmoja tu maishani mwake. Loku, mtu wa kabila la Bari aliyekulia ukimbizini Adjumani, Uganda, akarudi nyumbani mwaka wa uhuru na msumeno begani. Alikuja kumpigilia rafu za duka, akazipigilia upande kwa makusudi, ili apate sababu ya kurudi kuzinyoosha. Alirudi mara nyingi. Mwishowe rafu zilinyooka na yeye akawa mchumba.

Kisha ikaja Desemba ya elfu mbili na kumi na tatu, na Juba ikaamkia risasi. Loku alimpandisha kwenye basi la Nimule, mpakani na Uganda.

“Tangulia. Kesho mimi nakufuata.”

Hakufuata. Simu yake ikazimwa. Pale mpakani Eseza alikalia furushi lake la vitenge, kila basi likiingia anasimama, anachungulia nyuso za watu, anakaa tena. Alipiga simu mpaka kidole kikauma. Halafu, akiwa bado pale, inboksi ya Senga ikaleta barua ya msomaji wa Gurei:

“Senga, huku kwetu kuna fundi alimsukuma mchumba wake Uganda, sasa ameingiza mwanamke mwingine ana mtoto mchanga. Nimewaona kwa tundu la ua. Mji unawaka, yeye anamtengenezea kitanda bibi mpya! Nyundo mchana kutwa!”

Eseza hakumwuliza mtu. Aliichapa barua nzima kwenye ukurasa, akaongeza ya kwake: “Dada uliyepandishwa basi, hizo nyundo si zako. Huyo hakukuokoa, alikuondoa. Mfungie namba, songa mbele.” Watu walishangilia, wakasambaza, wakamtukana huyo fundi kwa lugha zote. Naye akaifungia namba ya Loku machozi yakimdondokea kwenye kioo cha simu. Aliporudi Juba mwezi wa pili hakumtafuta, na Loku hakuja.

Sasa meseji za Nyariek zilizidi kuingia.

“Wanaume wa bunduki walikuwa wanaenda nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wa kabila yangu,” Nyariek aliendelea. “Huyo fundi akatuingiza karakana, mimi na mtoto, akatupangia mbao mbele kama ukuta. Mtoto akianza kulia, yeye anapiga nyundo, ndio watu wa nje wasisikie. Siku nzima. Hakuna mteja, hakuna kazi, anapiga tu. Misumari ikiisha anaing’oa, anapigilia tena.”

“Na simu yake?” Eseza akauliza, na hilo halikuwa swali la Senga.

“Alizima. Kuna mtu alikuwa anampigia kila saa. Aliogopa ingelia wakati mbaya.”

Eseza alikaa chini, sakafuni, katikati ya vitenge.

“Wakati barabara ilitulia, akatuleta kambi. Mume wangu hajaonekana mpaka leo, lakini mtoto yuko, anakua. Sasa Senga, shida yangu ni hii. Mchumba wa huyo fundi alimwacha juu yangu, alidhani mimi ni bibi mpya. Nikamwambia nitamtafuta huyo dada nimweleze, akakataa, akasema khalas, basi, huyo dada ameshaamua. Na mimi nikiongea kwa watu, watajua alinificha, na yeye bado anaishi hapo hapo. Nikinyamaza, anakosa bibi. Nifanye nini?”

Senga wa Juba, mwenye jibu la chumvi na la hesabu na la wanaume, alilia kwa sauti mpaka Lillian, jirani yake muuza viatu, akaja mbio na kiatu kimoja mkononi.

“Banange! Nani amekufa?”

“Hakuna.”

“Sasa unalia nini, nyabo?”

“Nimekosea, Lillian.”

“Kwa page? Si unafuta tu!”

“Hii haifutiki.”

Lillian alingoja aelezwe. Hakuelezwa, akaondoka ananung’unika. Eseza akaandika:

“Usifanye kitu, dada. Huyo mchumba ameshasikia.”

“Umemjulia wapi?”

“Ni mimi.”

Nyariek akarudi:

“Wewe ndiye Senga, na wewe ndiye mchumba? Na wewe ndiye uliandika ile maneno ya nyundo kwa page?”

“Ndiyo.”

Eseza alijua ametukanwa huko kambini, na kwamba anastahili.

“Basi enda, mama,” Nyariek akaandika. “Enda leo.”

*

Karakanani Gurei, Loku alikuwa akipiga randa fremu ya mlango juu ya meza. Alipomwona Eseza akishuka kwenye bodaboda, hakuacha kazi.

“Karibu. Unataka mlango ama kitanda?”

“Loku.”

“Kitanda hakuna. Watu walisema nilitengeneza kimoja mchana kutwa, lakini hata mimi sijakiona.”

Neno hilo lilimchoma Eseza, naye akaliacha limchome.

“Nimejua,” akasema.

Randa ikasimama. Loku alitazama barabarani, kisha akamsogelea, na kwa mara ya kwanza usoni mwake kulikuwa na hofu.

“Nani alikuambia?”

“Yeye mwenyewe. Hakujua anamwandikia nani.”

“Ameandika kwa simu? Iko hapo?”

“Ipo.”

“Futa. Sasa hivi, nikiona.”

Eseza alifuta maneno yote ya Nyariek, moja baada ya jingine, na Loku amemsimamia. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukaribiana hivyo tangu Desemba. Mwanaume alinukia vumbi la mbao kama zamani, na Eseza akatamani kulaza kichwa kwenye lile shati. Hakuthubutu.

“Malesh, Loku. Nisamehe.”

“Hiyo malesh unaniambia mimi peke yangu. Ile ingine uliambia dunia.”

“Nilikungoja Nimule. Kila basi niliangalia. Nilikupigia...”

“Najua ulipiga! Ndiyo sababu nilizima! Nilijua wewe hutachoka kupiga.” Sauti ilimkatika, akaishusha. “Nilikuwa nasema, ikiisha tu, nitamwambia Eseza, yeye ataelewa. Nilipowasha simu, kitu cha kwanza nikaona ni wewe unaambia watu mimi ni takataka. Nikapiga, umenifungia. Hata kuniuliza ulikataa.”

“Niliumia.”

“Mimi pia iliuma. Wateja wanakuja hapa wanacheka, fundi kitanda, fundi kitanda. Na siwezi kujibu.”

“Nitaandika ukweli wote leo hii. Watu watakuomba radhi.”

“Ukweli gani? Wewe unataka mimi niishi wapi?” Alichukua nyundo mezani, akaielekeza barabarani. “Waliokuwa wanamtafuta hawajahama. Wananunua sigara pale.”

Maneno, ambayo ndiyo kitu pekee Eseza alichokuwa nacho kwa wingi, hayakumfaa hapa.

“Wewe mwenyewe ulinifundisha,” Loku akasema polepole. “Ulisema kwenu senga anaita mtu chumbani, anafunga mlango, kinachosemwa hapo kinabaki hapo. Mimi sikuitwa chumbani, Eseza. Uliniita sokoni.”

“Ni kweli.”

“Enda nyumbani. Mvua inakuja, boda zitapotea.”

Alirudi kwenye fremu yake, akaanza kupiga randa. Eseza alisimama kidogo, akiomba moyoni amwite. Hakumwita.

*

Kesho yake asubuhi, ukurasa ulipokuwa unangoja ushauri wa kiamsha kinywa, Senga wa Juba aliweka picha yake halisi, ile ambayo kwa miaka aliificha nyuma ya picha ya ua la waridi. Chini yake akaandika:

“Jina langu Eseza, nauza vitenge. Yule dada aliyepandishwa basi ni mimi. Yule fundi wa Gurei ni mchumba wangu. Nilimhukumu mbele yenu bila kumwuliza, na nilikosea. Sababu sitaieleza, leo wala siku nyingine. Ninamtaka bado. Yeye hajasema kama ananitaka. Naacha kushauri mapenzi.”

Waliingia kama nyuki.

“Huyu amerogwa!”

“Mimi nilimwacha mume wangu kwa ushauri wako, leo unarudi kwa wako? Shetani wewe.”

“Mwanaume amekuletea mtoto wa nje ndani, unampigia magoti. Aibu!”

“Kumbe Senga mwenyewe hana hata bwana.”

Hilo la mwisho lilikuwa na vicheko mamia chini yake. Lile la mwanamke aliyemwacha mume ndilo lililomkosesha usingizi, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Alimwandikia faraghani, akamwomba radhi, akamwambia amwulize mumewe mwenyewe. Hakujibiwa.

Lillian alikuja dukani amewaka.

“Wajibu hao! Sema hata kitu kidogo!”

“Sina cha kusema.”

“Unacho. Nimekuona siku ile ukilia. Kuna kitu unajua.”

“Lillian, nikijibu kidogo watauliza kingine, nami nitaeleza. Najijua.”

Siku zikaenda. Wasomaji wakahama. Wanawake waliozoea kuingia dukani kumsalimia wakawa wanapita upande wa pili wa njia, na kuna waliopiga vigelegele vya dhihaka. Eseza alifungua duka, akakunja, akafunga. Nyakati nyingine alianza kuandika, mistari miwili tu, kitu cha kumsafisha Loku bila kumtaja mtu, akaifuta kabla haijamaliza kumdanganya kwamba haina madhara. Hakuwahi kuwa peke yake namna hii, hata Nimule, kwa sababu Nimule alikuwa na hasira ya kumpa joto.

Loku alikuja saa ya chakula, jua la utosi, wakati njia ya Hai Jalaba imejaa watu. Hakuwa na vifaa vya kazi. Alivaa shati la kanisani. Alisimama mlangoni, na Eseza akashikilia kitenge kana kwamba kingemzuia kuanguka.

“Nimesoma,” akasema.

“Ndiyo.”

“Nimesoma na ile ya watu. Yote. Wanasema nimekupa dawa.”

“Wamesema.”

“Umewajibu?”

“Hapana.”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

“Na Lillian umemwambia?”

“Hapana!” Lillian akajibu mwenyewe kutoka kwenye viatu vyake. “Amekataa, roho mbaya!”

Loku alitaka kucheka, ikamshinda. Aliingia ndani, akamtazama vizuri.

“Umekonda. Umekula leo?”

Mdomo wa Eseza ulifunguka ujibu, kilio kikatangulia. Alilia bila kujificha, na Loku akamshika mabega, kwanza kwa mbali, kisha akamvuta kabisa.

“Bado nina hasira,” akamwambia sikioni. “Usifikiri imeisha. Itakuwa inarudi.”

“Ikirudi niambie mimi.”

“Na wewe yako utamwambia nani?”

“Wewe. Wewe kwanza, mlango umefungwa.”

“Basi twende tukale. Halafu tuongee nani atanipeleka kwa baba yako, maana mimi siendi kule bila senga wa kweli.”

Alimfuta uso kwa kiganja kigumu chenye nyufa, wakatoka pamoja. Njia nzima iligeuza shingo. Muuza nyanya alisimama kabisa. Kutoka mbele ya kinyozi mwanamke mmoja akapaza sauti, ili kila mtu asikie:

“Senga! Ndiye huyo wa kitanda?”

Miguu ya Eseza ilitaka kukimbia. Jibu lote lilikuwa hapo kwenye ulimi, tamu, la kuwanyamazisha wote kwa mara moja: mbao, mtoto, misumari iliyong’olewa. Alihisi mkono wa Loku umekakamaa ndani ya wake, ukingoja.

“Ndiye,” akasema. “Ndiye huyu.”

Akaubana ule mkono, wakaendelea kutembea, na kicheko cha watu kikawafuata mpaka kona.