Jiwe la Kusugulia Miguu

Maharage yaliwekwa jikoni saa mbili asubuhi. Hadi saa tisa alasiri yalikuwa magumu kama yalivyotoka mfukoni.

Zaituni aliyaonja kwa mara ya nne, akatema punje kiganjani. Hakuwa mgeni wa maharage. Alizaliwa Tanga, alikuwa ameishi Brussels miaka tisa, na katika jiko hilihili la ghorofa ya tatu, huku mtaa wa Jette, aliyapika kila Jumamosi.

"Chérie, tunakula ao tunafunga?" aliuliza mumewe, Donatien, kutoka sebuleni. Yeye alikuwa mtu wa Lubumbashi, muuguzi wa hospitali.

"Njoo uyaone mwenyewe. Yanatokota tu, hayaivi."

Donatien akaja, akafunua sufuria, akacheka. "Ah bon! Ni kama kwa ule mama wa mulimani. Unakumbuka? Maharage siku muzima!"

Zaituni alikumbuka, naye akacheka. Wiki tano zilizopita walikuwa katika bonde moja la milima ya Andes, nchini Peru. Ilikuwa likizo yao ya kwanza ya watu wawili peke yao. Walioga kwenye chemchemi za maji moto huku wakitazama theluji kileleni. Walipanda farasi. Walivuka mto kwa daraja la kamba, Donatien akiwa amefumba macho na kuwaita watakatifu wote kwa majina. Mama aliyewapangisha chumba aliwaeleza kwamba kadiri mtu anavyopanda, hewa hupungua, na maji huchemka kabla hayajawa moto sawasawa. Ndiyo maana huko juu maharage hayaivi.

Lakini Brussels si mlimani.

Kicheko kikaisha. Nje ya mlango mtu alikuwa akipanda ngazi. Alipanda polepole kama aliyebeba mzigo mzito, na kifua chake kililia kama filimbi. Alifika mlangoni kwao. Hakusimama. Aliendelea kupanda.

Juu ya ghorofa ya tatu hapakuwa na ngazi. Palikuwa na paa tu.

Siku zilizofuata harufu iliingia nyumbani, harufu ya sufu iliyolowa na moshi wa samadi kavu. Zaituni akawa anahema akiwa ameketi. Donatien alileta kile kidude cha kubana kidole kinachopima hewa katika damu. Kilisoma themanini na nne, wakati mtu mzima wa afya hupata tisini na tano au zaidi. Kesho yake, sabini na tisa. Daktari aliyempima alisema mapafu yake ni safi kabisa, tena pale hospitali alipumua vizuri kwa saa nzima; lakini kila waliporudi nyumbani na kufunga mlango, Donatien naye alihisi kifua kikimbana, mshumaa ukawaka kwa mwali mdogo wa samawati kisha ukafa, na hatua zilezile zikasikika, sasa si kwenye ngazi bali juu ya vichwa vyao, juu ya dari, juu ya paa, zikipanda mahali ambapo hapakuwa na chochote cha kukanyaga.

Jumatano mchana wakamwita Maman Mwanvua. Alikuwa mwanamke wa mji wa Kasongo, Kongo, mtu mzima, ambaye watu walimwendea kwa kisomo na makombe. Aliweka makaa kwenye chetezo, akawasha, akatia ubani. Makaa yakazimika. Akawasha tena. Yakazimika mara tatu.

"Moto hauna pumzi humu," alinong'ona. Akasoma. Alisoma kwa muda mrefu, jasho likimtoka. Hatua hazikupungua wala kuongezeka.

Mwishowe akafunga kitabu. "Majini ya kwetu ukiyasomea yanashituka, sababu yanajua ile maneno. Huyu hajui. Hana hata kasirani na nyinyi. Anapanda tu." Akawatazama kwa zamu. "Mulileta nini toka kule safarini?"

"Rien, Maman, hakuna kitu," alisema Donatien. "Kofia mbili na blanketi."

Zaituni aliinamisha kichwa. "Nilileta jiwe."

"Jiwe gani?"

"Pale njia inapofika juu palikuwa na rundo la mawe. Kijana aliyetuongoza alisema kila mpagazi akifika hapo huweka jiwe moja, na uchovu wake wote anauacha ndani yake, ndipo ashuke akiwa mwepesi. Nikaona moja la chini kabisa, jeusi, lina vitundu vizuri." Sauti yake ilikatika kwa kukosa hewa. "Mama, tangu nije Ulaya natafuta jiwe la kusugulia miguu. Kwetu kila bafu lina lake. Huku wanauza vipande vya plastiki."

"Zaituni!" alisema Donatien.

"Mwache," alisema Maman Mwanvua. "Ulilete. Leo hii mukate tikiti ya ndege, mulirudishe palepale."

Zaituni alikwenda bafuni, akarudi na ngumi aliyoifumba. Alipoifumbua, kiganjani palikuwa na kipande kidogo kama punje ya harage.

"Lilikuwa kubwa kama andazi," alisema. "Nimesugulia kila siku."

"Na sehemu ingine yote?"

Zaituni akainua mguu. Unyayo wake ulikuwa mlaini, bila mstari hata mmoja, kama wa mtoto aliyezaliwa jana.

Maman Mwanvua alivaa koti lake. Mlangoni alimshika Zaituni shavu. "Mwanangu, hakuna tena cha kurudisha. Nitakuombea," alisema, akatoka.

Jioni hiyohiyo walihamia Berchem-Sainte-Agathe, kwa Émérance, dada yake Donatien, katika nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja. Alhamisi kile kidude kilisoma tisini na saba. Ijumaa vilevile. Donatien alilia kwa furaha bafuni, bomba likiwa wazi ili asisikike.

Jumapili, saa nane mchana, Émérance alipiga kelele jikoni. "Donatien! Hii maharage muliuziwa na mwizi gani? Inatokota tangu asubuhi, njo ivi ingali majiwe!"

Donatien alimtazama mkewe. Zaituni alikuwa mezani, mgongo umepinda, paji la uso limesukumwa mbele kama la mpagazi anayebeba mzigo kwa kamba ya kichwani. Safari hii ile filimbi ililia kifuani mwake mwenyewe.

"Bado kidogo," alisema, lakini hakuwa akizungumza na mtu yeyote mle ndani.

Donatien akaenda jikoni. Sufuria ilikuwa ikichemka kwa nguvu, povu likipanda na kumwagika pembeni. Émérance alipiga ukelele wa kumzuia, lakini yeye alikwisha kutumbukiza mkono, mpaka kiwiko, akauacha humo, akitumaini kwa moyo wake wote kwamba utaungua.

Hakuna mlima mrefu kiasi hicho duniani. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto.