Maji ya Mlangoni kwa Talaso

Nyumbani kwao Mjambere, huko pwani, hakuna mtu aliyekanyaga mkeka wa Bibi Kulthum kabla ya kuosha miguu. Mtungi ulikaa mlangoni, kata juu yake, na Mwanaima, mjukuu wake, ndiye aliyeujaza kila alasiri alipotoka shule. Mgeni akija na vumbi, bibi hakumwambia neno. Aliitazama tu miguu yake, na mgeni mwenyewe akajua la kufanya. Mwanaima alilelewa hivyo, akajiona ana adabu ya kutosha kwenda nayo popote.

Likizo ya Agosti mwaka 1991, wanafunzi wachache wa shule yao walipata nafasi katika msafara wa watalii wa kutembea kwa miguu. Walibeba mashanta mgongoni, wakapanda vilima vya jangwa kaskazini mwa Marsabit, nchi ya mawe meusi na upepo mkavu usiokoma. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Absalom, mtu wa maneno mengi aliyeijua njia na lugha ya wenyeji. Mwalimu Kafedha alitembea nyuma kabisa, akiwahimiza wavivu.

Asubuhi moja wakafika kijiji kilichoko juu ya vilima. Wakubwa walikwenda kuwaamkia wazee, na wanafunzi wakaambiwa wapumzike katika nyumba ya Mama Talaso. Mwenyewe alikuwa malishoni, na bintiye, Talaso, alikuwa ameenda kuokota kuni. Ndani mlikuwa mmetandikwa ngozi safi. Mlangoni palikuwa na dumu la maji, kopo juu yake, kama kwa Bibi Kulthum.

"Msikanyage matandiko ya watu na miguu hiyo," Mwanaima aliwaambia wenzake. "Kwani kwenu hamkufunzwa?"

Akavua viatu, akamimina maji kwenye kopo, akaosha miguu mpaka katikati ya vidole. Idarus akafuata, na Tsofa, na wengine wote. Tsofa alijimwagia hata kichwani. Dumu likabaki tupu, na ardhi ikayanywa maji yale pale pale.

Walikuwa wamejinyoosha ndani waliposikia mtu akifoka. Mama Talaso alikuwa amesimama nje na dumu mkononi, anamgombeza bintiye. Talaso alikuwa mdogo kuliko Mwanaima, na mzigo wa kuni ulikuwa bado mgongoni. Alitikisa kichwa, akakana, akalia.

"Kuna nini?" Mwanaima alimwuliza Bwana Absalom, aliyekuwa amerudi wakati huo.

"Anadhani mtoto amewanywesha mbuzi maji. Yale yalikuwa maji yao ya leo na kesho. Sasa anamtuma kisimani, kule chini bondeni, na hatakula mpaka arudi."

"Si mbuzi. Ni sisi tulioyamaliza. Tafadhali mwambie."

"Nyamaza," Bwana Absalom alisema kwa sauti ya chini. "Wakijua, hawatawapokea wageni wangu tena. Huyo ni mtoto wa jangwani, amezoea. Atakwenda na atarudi."

Mwanaima akawageukia wenzake. Tsofa alikuwa akifunga kamba za shanta lililokwisha kufungwa. Idarus alitazama paa. Hasira zikampanda Mwanaima mpaka masikio yakamwaka moto. Ati amezoea. Nani huyo anayezoea kuadhibiwa kwa kosa la wengine? Na hawa wenzake, waliokuwa hodari wa kujimwagia maji ya watu, sasa kila mmoja amekuwa bubu.

"Wallahi sinyamazi," alisema.

Akatoka nje mpaka mbele ya Mama Talaso. Akalionyesha dumu, akaionyesha miguu yake, kisha akajigusa kifuani. Mkalimani hakuhitajika. Yule mama aliitazama tu miguu ile safi, na Mwanaima akatamani ingekuwa na vumbi.

Mwalimu Kafedha aliporudi, Mwanaima alimweleza yote, hakuficha hata la Bwana Absalom. Uso wa mwalimu ulibadilika.

"Bwana Absalom, watoto hawa nimewaleta waione nchi, sikuwaleta wajifunze dhuluma. Mwambie mama huyu kweli yote, tena kwa lugha yake. Kisha nawe tafuta dumu la kubeba, twende sote kisimani."

Mwanaima alizimwaga chini nguo zote zilizokuwa katika shanta lake, akalitia ndani dumu la Mama Talaso. Kushuka kulikuwa rahisi. Kupanda, dumu limejaa, mikanda ilimkata mabega, na kila alipotaka kupumzika alimwona Talaso, aliyekuja kuwaonyesha njia, anapanda mbele yake na mzigo wake wa maji. Nyuma yao Bwana Absalom alihema, maneno yamemwishia.

Walipofika, Mama Talaso alijaza kopo, akampa Mwanaima. Mwanaima alilipokea kwa mikono miwili, akamgeukia Talaso na kumpa anywe kwanza.

Jioni Mwalimu Kafedha aliwakusanya wanafunzi wake. "Kuosha miguu ni adabu ya kwetu, wala si mbaya," alisema. "Lakini mkiwa kwa watu, ulizeni kabla ya kugusa chao. Mwanaima hakuuliza, akakosea. Nyinyi nyote mlikosea. Lakini yeye alilichukua kosa lake mwenyewe. Nyinyi mlikuwa tayari kumtwika kosa lenu mtoto asiye na wa kumtetea, na hilo ndilo lililonikasirisha."

Tsofa aliinamisha kichwa. Kesho yake, kabla jua halijachomoza, yeye ndiye aliyemwuliza Mama Talaso kwa ishara dumu liko wapi, aende kisimani.