Nywele za Shangazi Melenaite

Kila siku wakati wa mapumziko, wenzake wakikimbilia uwanjani, Fane alikwenda kwenye chumba cha kompyuta. Tangu kimbunga kiangushe mnara wa simu, kisiwa chetu hapa katika visiwa vya Ha'apai kilikuwa hakina simu hata moja inayoita. Kompyuta ya shule ndiyo pekee iliyobaki na mtandao, na Mwalimu Kafoa alimchagua Fane, wa darasa la sita, apeleke habari za kila nyumba kwa jamaa walioko Auckland na Sydney. Nani kajifungua, nguruwe wa nani kavunja ua wa mchungaji, yote yalipita mikononi mwake. Alijiona mkubwa kidogo, na hakukosea sana.

"Ukiinuka, hata kama unakwenda kunywa maji tu, funga kwa neno la siri," Mwalimu alimwambia siku ya kwanza. "Kule wanaona jina lako wewe."

Mwanzoni alifunga. Lakini binamu yake Maka alimwona, akamcheka mbele ya darasa zima.

"Jamani, tazameni! Fane anatufungia sisi ndugu zake! Nyumbani kwao hata mlango hauna kufuli, yeye kapata kufuli la kompyuta. Mchoyo we!"

Kwetu hakuna tusi linalochoma kama hilo. Chakula ni cha anayefika, na viatu vya kanisani huvaliwa na yeyote vinayemtosha. Fane aliona aibu, na tangu siku hiyo akaacha kufunga.

Ijumaa moja alikuwa akiwaandikia jamaa zake mwenyewe, wasichana wakamwita dirishani: timu ya netiboli imepungukiwa mtu. Akatoka mbio. Maka akaingia. Sikio lilikuwa bado linamuuma, maana jana yake babu yao, Babu Feleti, alimkamata shambani akila matikiti yake, akalivuta bila huruma. Akakuta kompyuta i wazi. Akaandika: "Babu Feleti amefariki asubuhi ya leo." Akabonyeza kutuma, akacheka peke yake, akaenda kucheza. Kengele ilipolia, Mwalimu alizima mitambo akafunga chumba mpaka Jumatatu.

Jumatatu asubuhi, watoto wakijiandaa kwenda shule, kilio kilisikika kutoka gatini. Mwanamke mwenye nguo nyeusi, kajifunga kiunoni mkeka mkubwa uliochakaa wa msiba, kama desturi yetu, alikuwa anapanda njia akiyumba. Alikuwa Shangazi Melenaite, binti mkubwa wa Babu, aliyekaa Auckland.

"Baba! Baba yangu jamani! Hukuningoja!"

Babu Feleti alitoka jikoni na kipande cha kiazi kikuu mkononi. "Melenaite? Mbona unalia, mwanangu? Kafa nani?"

Shangazi alimtazama, akaketi chini palepale njiani. "Wewe, Baba," akasema. "Umekufa wewe."

Kitambaa kilimteleza kichwani, na watu waliotoka majumbani wakasogea kutazama. Hakuna mwanamke wa ukoo wetu aliyekuwa na nywele ndefu kama zake. Hazikuwahi kuguswa na mkasi tangu utoto wake. Krismasi iliyopita Fane alipanda juu ya kiti ili azisuke, na Shangazi kila akicheka alikuwa akiutupa msuko nyuma ya bega. Sasa zilikuwa zimekatwa karibu na ngozi, hovyohovyo, upande mmoja juu, upande mwingine chini.

"Nilipiga simu, haikuita," alisema. "Meli haisafiri Jumapili, nikajua sitawahi maziko. Kwetu baba akifa, binti hukatwa nywele zake, nami sikungoja kukatwa na mtu. Nilizikata mwenyewe jikoni." Akafungua mfuko, akatoa msuko mrefu mweusi. "Nimeuleta nikuzike nao."

Babu aliupokea kwa mikono miwili.

"Nani aliyeniandikia?" Shangazi akauliza. "Nimeona jina la Fane."

Macho yote yakamgeukia. Fane angeweza kulia kwamba anasingiziwa, na ingekuwa kweli. Lakini aliutazama ule msuko, akajutia kila siku aliyoinuka bila kufunga.

"Sikuandika mimi, Shangazi. Ila mimi ndiye niliyeiacha wazi. Mwalimu alinikanya, sikusikia. Nisamehe."

"Ni mimi!" Maka alipasuka kilio nyuma ya tangi la maji. "Nilikuwa nafanya mzaha tu, Babu! Sikujua atakata nywele!"

Babu hakumvuta sikio. Aligeuza uso tu, na Maka alisema baadaye kwamba afadhali angelivuta.

Saa hiyohiyo Shangazi alimshika Fane mkono wakaenda shuleni. Mwalimu Kafoa aliwasikiliza, akatikisa kichwa, akawafungulia chumba. Kompyuta ilikuwa imejaa salamu za rambirambi. Fane aliandika: "Babu Feleti yu hai. Msije. Tunaomba radhi." Kisha akainuka, akakumbuka, akarudi kufunga kwa neno la siri.

"Kwa nini hukufanya hivyo Ijumaa?" Shangazi aliuliza.

"Waliniita mchoyo."

"Mchoyo ni anayenyima chakula. Jina lako si chakula, mwanangu, kwamba kila apitaye ajipakulie. Ulipewa ulitunze, kwa sababu sisi kule tunaliamini. Ungefunga, ungekuwa umetulinda sote, na Maka pia. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Shangazi alipeleka mkono shingoni kwa mazoea, autupe msuko nyuma ya bega. Mkono haukukuta kitu. Fane aliona, machozi yakamtoka.

"Usilie. Zitaota."

"Lini zitafika pale zilipokuwa?"

Shangazi akafikiri kidogo. "Ukiwa mtu mzima," akasema, akamfuta machozi.