Milia Usoni mwa Karani

"Picha zako hazifai."

Chiriku aliibana simu kati ya sikio na bega. Alikuwa ameegemea ukuta wa korido, jirani na mlango wa choo cha wanawake, kamera kubwa ikimning'inia shingoni.

"Rudia, Mjomba."

"Hazifai! Uso mzima una milia, kuanzia paji hadi kidevuni. Huyu anaweza kuwa Karani, anaweza kuwa pundamilia."

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu. Lilikuwa jina la kazi la mkuu wa operesheni katika Idara ya ujasusi, na hata Chiriku lilikuwa jina la kazi, alilopewa kwa utani na wenzake kwa kuwa hakuwa msemaji. Aliinua kamera, akaivuta picha ya mwisho ikawa kubwa kwenye kioo.

Milia kweli.



Kosa lilikuwa lake, wala hakuwa na wa kumsukumia. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na mashindano ya sataranji, ukumbi mzima wa watu walioinamia mbao, kimya cha kusikia jirani akimeza mate. Wapiga picha waliruhusiwa dakika chache tu za mwanzo, tena kwa kamera zisizotoa sauti. Chiriku aliiweka ile kubwa kwenye hali ya kimya. Katika hali hiyo hakuna kinachofunguka wala kufungika. Kamera huisoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Sasa taa za darini zilikuwa za LED, zile za bei poa, zinazowaka na kufifia upesi kuliko jicho linavyoona. Mstari uliosomwa taa ikiwa imefifia hutoka mweusi.

Mwanafunzi wa picha wa wiki ya kwanza anajua hilo. Chiriku alilijua. Lakini Karani alipochomoa farasi mweusi mfukoni na kumbadilisha na yule wa mezani, akili yote ya Chiriku ilikuwa kwa mumewe.

"Mjomba, nipe ruhusa nimkamate sasa hivi."

"Bila ushahidi? Mkurugenzi atamtoa kabla hatujakaa kwenye viti. Ni shemeji yake, umesahau?"

"Basi tumkamate Daktari."

"Mgeni mwalikwa wa wizara? Bila amri ya hakimu huwezi hata kumgusa mfuko." Mjomba alishusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Hakimu yuko hapa mbele yangu, kalamu mkononi. Anataka picha moja. Uso wa Karani, mkono wa Daktari, na hiyo kete katikati. Moja tu."

"Na nikiikosa?"



"Malori yanaingia bohari jioni," Mjomba alisema, akakata.

Malori yalikuwa ya Daktari, mtu asiyewahi kutibu hata paka. Yalibeba mashine za kufulia, na ndani ya mashine mlikuwa na bunduki za kuuzwa kwa watu waliotaka nchi iwake moto. Fundi wa malori hayo, aliyekaa humo miezi akihesabu shehena na kupeleka habari Idarani, alikuwa mume wa Chiriku. Na Karani, mtunza masjala wa Idara, mtu wa salamu nyingi na tai iliyonyooka, alikuwa ameuza sura ya Fundi huyo. Picha ya sura hiyo ilikuwa ndani ya tumbo la yule farasi. Fundi alikuwa njiani bila simu, maana vijana wa Daktari hukusanya simu zote kabla ya safari. Akishuka bohari jioni, Daktari atakuwa amesimama pale, picha mkononi.

Hakuna aliyeweza kumwonya.

"Dada wa picha!" Mama wa mapokezi alimwita kutoka kwenye meza yake mlangoni. Alikuwa mwanamama mnene, miwani imekaa puani. "Muda wenu umeisha. Ukitaka kuingia tena, ingia kama mtazamaji. Hilo dude liache hapa."

"Sawa, mama."

"Na simu. Usinifiche simu, dada, naiona."

Chiriku aliweka vyote viwili mezani. Dude na lenzi yake vilitua kwa kishindo, meza ikalia.

"Mzigo huu unautembeza siku nzima?" Mama alishangaa. "Na mgongo wako je?"

"Nimezoea."

Hakuweka mezani kilichokuwa kwenye mfuko wa koti. Alikwenda chooni, akajifungia, akakitoa.

Kamera ndogo, ya kuingia kiganjani. Ya Fundi.

Hiyo kamera ilikuwa imeleta mabishano nyumbani. Chiriku aliiita kitu cha watalii. Ile kubwa, alikuwa akimwambia mumewe, unabadilisha lenzi, inaona gizani, inapiga picha mfululizo kama cherehani, na sura inatoka hadi vinyweleo. Yako hii inaweza nini? Fundi naye hakuwa mtu wa kukasirika. "Yako watu wakiiona wanavuta matumbo ndani," alimjibu. "Yangu wakiiona, wanaendelea na maisha yao."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Fundi alilipenda. Ndogo ile ilikuwa na pazia la kweli, vibati vyembamba ndani ya lenzi vinavyofunguka na kufungika, vikainasa picha nzima kwa mara moja. Sauti yake ni ya ukucha ukigusa meza. Na haitoi milia.

Aliiwasha. Lenzi ikachomoza, zziii. Alizima mlio. Alizima flashi. Akaelekeza mlangoni, akabonyeza kujaribu.

KADI IMEJAA.

"Usinifanyie hivi," alinong'ona.

Kadi ya kamera kubwa ilikuwa pana na nene, haiwezi kuingia humu hata kwa nyundo. Alifungua orodha. Kulikuwa na kitu kimoja tu kwenye kadi nzima. Alikijua.

Usiku wa kuondoka, Fundi alikuwa ameiweka kamera juu ya friji, akajirekodi akiongea na mkewe hadi kadi ikajaa. "Ukinikumbuka, tazama," alimwambia. Watu wa kazi yao hawaruhusiwi kuweka picha zao nyumbani, hata ya harusi hawakuwa nayo. Kwa hiyo Chiriku aliila ile video kidogo kidogo, kwa uchoyo, kila alipozidiwa. Alijua Fundi anavyoanza kwa kukohoa. Alijua anavyomtania kuhusu chapati zake zenye pembe. Hakuwahi kufika mwisho. Aliuweka mwisho akiba, kwa siku ambayo angeambiwa kwamba mumewe harudi.

FUTA?

Alitaka japo auone ule mwisho, sekunde chache tu. Lakini nje, nyuma ya ukuta, mikono ilikuwa ikisogeza kete, na kila kete iliyosogezwa ilimsogeza Fundi karibu na bohari. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Alilia kama mtoto, kimya kimya, mdomo wazi.

Kisha akabonyeza NDIYO.

Video ikaondoka. Haikuchukua hata muda wa kujuta.

Aliingia ukumbini amekunja mikono, kamera imejificha kati ya kiganja na tumbo. Alikaa kiti cha mbele cha watazamaji, nyuma ya kamba, mkabala na meza ya Karani na Daktari. Daktari alikuwa amempa mgongo kwa upande, koti la kijivu, saa ya Casio isiyolingana na koti. Karani alimkabili Chiriku moja kwa moja.

Lakini uso haukuonekana.

Karani alikuwa ameinamia ubao, mkono kwenye paji la uso kama kofia. Wachezaji wote hukaa hivyo. Mtu ukimwona unadhani anafikiri. Huyu alikuwa anajificha.

Inua kichwa, Chiriku alimwomba moyoni. Inua kichwa, mwanaharamu.

Daktari alinyoosha mkono. Taratibu, bila papara, ngome yake ilitambaa hadi kwa farasi mweusi na kumla. Kete iliyoliwa huwekwa kando ya ubao. Daktari hakuiweka kando. Alimshika farasi kwa vidole viwili, mkono ukaanza safari ya kurudi kwenye koti.

Karani bado ameinama.

Chiriku alibonyeza nusu, kamera itafute shabaha.

Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka mbele ya kamera.

Mungu wangu. Alizima mlio, alizima flashi, na taa ya kusaidia shabaha akaisahau! Kwenye kubwa yake aliizima siku aliyoinunua. Kwenye hii ya mumewe hakukumbuka kwamba ipo. Doa la chungwa lilitua kwenye mkono wa Karani, likapanda kidogo.

Karani akainua kichwa.

Akatazama mbele, macho wazi, uso mzima, taa zote za darini zikimwangazia. Na chini ya kidevu chake mkono wa Daktari ulikuwa bado hewani, farasi kati ya vidole.

Chiriku alibonyeza nusu iliyobaki.

Tk.

Alitazama kioo mara moja. Uso. Mkono. Farasi. Hakuna hata mstari mmoja.

Akainuka, akaelekea mlangoni.

Nyuma yake kiti cha Karani kilikwaruza sakafu. Ukumbi mzima ukatoa "Shhhh!" kwa hasira.

"Mchezaji," mwamuzi alisema, "saa yako inakimbia."

Karani hakujali saa. Alikuwa anakuja.

Kwenye korido Chiriku alifika mezani anahema.

"Mama, simu yangu. Haraka."

"Umeshachoka mara hii?"

"Mama, nakuomba!"

Aliunganisha kamera na simu kwa waifai, akaielekeza picha moja kwa moja kwa Mjomba. Mkanda wa kijani ulianza kutambaa kwenye kioo. Ukasimama. Ukatambaa tena. Kubwa ile ingekuwa imeshamaliza kazi. Hii ilitambaa kama inasindikiza msiba.

"Iweke chini."

Karani alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake. Koti limefunguka, bastola ndogo ameibana kiunoni kwa mkono wa kulia, mdomo wake ukimwelekea Chiriku. Mama wa mapokezi aliiona, miwani ikamdondoka.

"Iweke chini, Chiriku. Usijifanye shujaa."

"Yule ni mume wangu."

"Najua. Faili lake nimelitunza mimi." Karani alitabasamu, tabasamu lile lile la salamu za asubuhi. "Jioni utakuwa mjane, na mimi nitakuja matangani. Shemeji yangu atasaini posho yako mwenyewe. Nipe hicho kidubwasha."

Chiriku alitazama kidubwasha. Mkanda ulikuwa umefika mwisho.

IMETUMWA.

"Chukua," alisema, akamrushia kamera ndogo, juu kidogo.

Macho ya Karani yakaifuata. Mkono wa kushoto ukainuka kuidaka. Chiriku alishika mkanda wa kamera kubwa pale mezani, akazungusha mara moja kwa nguvu zake zote. Chuma, kioo na lenzi ndefu vilitua kwenye kifundo cha mkono wa bastola. Kitu kilivunjika, na si kamera. Bastola ikaserereka sakafuni. Pigo la pili lilikuwa la sikio.

Karani alikwenda chini na tai yake iliyonyooka.

"Dada!" Mama wa mapokezi alipata sauti. "Hilo dude si litaharibika?"

"Limetengenezwa kwa kazi ngumu, mama."

Simu ikatetemeka.

"Mjomba."

"Nimeipata." Mzee alikuwa anapumua kwa nguvu. "Safi kama maji. Hakimu anasaini... Amesaini. Wewe uko salama?"

"Daktari anatoka mlango wa nyuma."

"Atoke tu."

Nje, milango minne ya Land Cruiser ilifunguka kwa pamoja. Daktari alipanga kulalamika kwa jina la wizara, lakini walimwonyesha karatasi ya hakimu, akanyamaza. Tako la farasi lilifunguka kwa kuzungushwa. Ndani mlikuwa na memori kadi ya ukubwa wa ukucha, na ndani ya kadi sura ya mtu mmoja.

Jua lilikuwa linazama malori yalipozuiwa bohari. Mashine za kufulia zilishushwa, zikapasuliwa, bunduki zikalazwa kwenye turubai. Vijana wa Daktari walipangwa ukutani, pingu mkononi, na Idara ikataka picha ya kila mmoja kwa ajili ya faili.

Mpiga picha alipita mstarini. Kamera yake kubwa ilikuwa na ufa kwenye lenzi, kwa hiyo alitumia ndogo.

"Tazama mbele. Geuka kushoto. Anayefuata."

Wa mwisho alikuwa fundi wa malori, ovaroli limelowa grisi, ndevu hazijanyolewa. Amekonda. Wenzake walikuwa wanasikia, na hawakupaswa kujua kamwe kwamba ndiye aliyewapeleleza. Chiriku alitaka kumkumbatia hadi mifupa ilie. Badala yake aliinua kamera hadi usawa wa jicho.

"Tazama mbele."

Tk.

"Nimeifuta video yako," alisema kwa midomo isiyosogea. "Sikufika mwisho. Mwishoni ulisema nini?"

Fundi alitazama lenzi. Kona ya mdomo ilicheza.

"Sikusema kitu. Nilisahau kuizima," alinong'ona. "Ungeniona naosha vyombo."

Chiriku aling'ata shavu kwa ndani, kicheko kisimtoke.

"Geuka kushoto."

Akageuka.

Tk.

"Basi," alimwambia askari. "Wapelekeni."

Aliirudisha kamera mfukoni, akapita kati ya malori bila kutazama nyuma. Leo alikuwa na picha mbili za mumewe, na kwa mara ya kwanza zilikuwa halali.