Ndege Mbaya

Rosebellah ni wa kwetu Kitale, na si mtu wa kubuni mambo. Alikuwa mfanyakazi wa ndani mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, kwa Madam Nusra, mtu wa asili ya Unguja aliyezaliwa hukohuko Uarabuni. Kupata madam anayezungumza Kiswahili aliona ni bahati ya mtende.

Asubuhi moja mume wa madam alileta kisahani cha chuma cheusi, kikinga mkono cha upanga wa kale wa Kijapani. Kilichongwa ndege asiyepatikana duniani: kichwa cha jogoo, shingo ya nyoka, mkia uliozunguka chuma chote. Madam alikitazama akakunja uso.

"Kina ndege mbaya hicho, Rose. Kiwache hapohapo kabatini."

Kwao Kitale ndege mbaya ni ndege asiyependeza, basi. Madam alipotoka, Rosebellah akaona amfurahishe. Akachukua limau na waya wa kusugulia sufuria, akasugua. Kutu ikatoka. Jicho la ndege likafunguka.

Muna, binti wa madam, mwenye miaka minne, aliyempenda Rosebellah kama mama, akacheka. "Dada Rose, ananiangalia."

Adhuhuri madam alirudi, akasimama mbele ya kabati, mkono mdomoni.

"Nani kamfumbua macho?" alinong'ona. "Muuzaji alituonya: aliyemfumbua ndiye wa kumfunika kitambaa, kabla ya magharibi. Mwengine hawezi. Sema tu, Rose. Sikugombi."

Rosebellah alijiona tayari uwanja wa ndege, anarudishwa nyumbani mikono mitupu.

"Si mimi, madam. Mi hata sijaigusa."

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alasiri yote aliosha vyombo vilivyokwisha kuwa safi.

Adhana ya magharibi ikalia. Muna alikuwa sebuleni, anachora. Akainua uso. Akafungua mdomo. Kimya.

"Dada Rose," sauti yake ikaita, kutoka kabatini.

Rosebellah akapiga magoti. "Ni mimi, madam. Nilidhani unasema ni sura tu."

"Sisi tukisema ndege mbaya, tunasema mkosi." Madam alikuwa amemkumbatia mtoto. "Na nilijua ni wewe. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe; kitambaa cha kulazimishwa hakimfumbi."

Hakufukuzwa. Afadhali angefukuzwa. Kisahani kilirudishwa kwa aliyekiuza, familia ikahamia kwa bibi yake Muna, Jeddah, na Rosebellah akaenda nao. Mtoto hakusema tena, lakini bado humshika mkono.

Juzi jirani wa Jeddah, Mzanzibari pia, alimuuliza Rosebellah kwa upole, "Mtoto gani huyo anayeita Dada Rose juu ya paa lenu kila alfajiri?"

Alfajiri iliyofuata alipanda. Vumbini palikuwa na nyayo ndogo za mtoto. Zilianzia katikati ya paa. Hazikuelekea popote. Chini, Muna alikuwa bado amelala.

Rosebellah akachukua ufagio, akazifagia kabla madam hajaziona.