Shwari na Mikono Yenye Hina

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Lamya alikuwa na kazi moja ambayo hakumruhusu mtu mwingine kuifanya. Alichota mtama kwenye kopo, akafungua tundu lililoning'inia uani, na njiwa wake, Shwari, akampandia kidoleni bila hata kuitwa. Alimlea mwenyewe tangu alipomwokota kinda, ameanguka kutoka darini. Kila mtu katika nyumba yao ya Gongoni, pale mjini Tabora, alijua kwamba Shwari ni mtoto wa Lamya.

Kisha ikaja harusi ya dada yake. Nyumba ikajaa wageni, moshi wa udi na vigelegele, na tangu siku zile Shwari hakuwa Shwari tena. Alizunguka tunduni kutwa, akipigapiga mabawa, mtama ukimwagika chini. Mkono ukimsogelea tu, alituna, akaunguruma, akadonoa. Alimdonoa shangazi. Alimdonoa Lamya. Ijumaa alimdonoa Mama, aliyekuwa akimbadilishia maji, na safari hii damu ikatoka.

"Basi tena," Mama alisema huku akifunga kidole kwa kitambaa. "Kesho Ami Soud anapeleka lori Igunga. Njiwa huyu ataondoka naye."

"Mama, huko Igunga nani atamtunza?"

Ami Soud, aliyekuwa anakunywa kahawa mlangoni, akadakia, "Watamtunza sana! Kwa nazi na ndimu, ndani ya chungu."

Alicheka peke yake. Lamya aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Alikaa, akasimama.

Alasiri alikuja Kulwa, anayekaa naye dawati moja, kurudisha kitabu cha hisabati. Alimwamkia Ami Soud shikamoo, akaitikiwa, akaenda moja kwa moja kwenye tundu.

"Huyu ndiye Shwari? Mngemwita Kimbunga."

"Usimsogelee! Atakutoa damu."

Lakini Kulwa alikuwa ameshatia mkono wenye mtama. Shwari alimtazama kwa jicho moja, akamtazama kwa la pili, kisha akala kiganjani pake taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Wivu ukamkaba Lamya. "Mimi nimemlea, wewe umekuja leo!"

"Mimi sijajichora majoka," Kulwa alisema, akimwonyesha mikono yake. "Uliponyoosha mkono darasani hata mimi nilishtuka. Sembuse ndege!"

Lamya akaitazama mikono yake. Maua meusi ya piko, ile hina nyeusi ya harusi, yalipanda kutoka kwenye kucha hadi karibu na viwiko. Shangazi alipakwa. Mama alipakwa. Nani hakupakwa? Alimwita mbio mdogo wake, Yaser. Yaser alipotia mkono wake mtupu, Shwari alitulia. Lamya alipotia wake, bawa lilimpiga kofi.

"Mama! Njoo uone!"

Mama alikuja, akatazama, akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe ni hina! Maskini, ameshindwa kututambua. Basi abaki, hina itafutika."

"Mchuzi wangu umenipita hivihivi," Ami Soud akalalamika.

Lamya alipaswa kufurahi. Lakini wakati huohuo Yaser alikatiza ua akiburuza kandambili, pwata, pwata, juu ya saruji. Shwari akajibanza kwenye pembe ya tundu, mwili mzima ukitetemeka. Wengine hawakuona. Lamya aliona, na alijua sababu. Angeweza kunyamaza, lawama yote ingebaki kwa hina, na hina haina mdomo wa kujitetea. Mama alikuwa ameshageuka kurudi jikoni.

"Mama," alisema. "Si hina peke yake. Aliponidonoa mara ya kwanza nilipiga tundu kwa kandambili. Nikawa nafanya hivyo kila aliponidonoa. Manyoya yake yalipoanguka, nikasema ni paka wa jirani aliyemvamia. Hakuwa paka."

"Na mimi nilimrushia mawe yule paka!" Yaser akapaza sauti.

Mama alirudi polepole, akachuchumaa mbele ya Lamya. Hakufoka. "Hina ilimtisha tu, mwanangu. Kandambili ndiyo iliyomfundisha kwamba ana haki ya kuogopa."

"Kwa hiyo ataenda Igunga?"

"Hapana. Wewe ndiye uliyebomoa, wewe ndiye utakayejenga."

Kujenga kulikuwa kugumu kuliko kubomoa. Kila siku Lamya alikaa pekupeku kando ya tundu, mtama kwenye kisosi, akimwita Shwari kwa sauti ya chini. Njiwa akituna, aliondoa mkono. Vidole vilimwasha kwa hamu ya kumkamata kwa nguvu na kumaliza kazi. Kulwa alipita, akamtania, "Bado unaposa? Mahari haijatosha?" Siku nyingine Shwari alimpa mgongo tu, na Lamya akaenda shule machozi yakimlenga.

Asubuhi moja alikuwa ameweka mkono mlangoni mwa tundu, mawazo yapo kwenye mtihani, alipohisi kucha ndogo zikimshika kidole. Hakuthubutu kupumua.

"Mama," alinong'ona, "maua bado hayajafutika!"

Mama alisimama nyuma yake. "Hakungoja hina ifutike, Lamya. Alingoja mkono uache kupiga. Anayeogopa hatulizwi kwa kipigo, na kosa halitengenezeki kama mwenyewe hajalitaja. Ungenyamaza siku ile, hina ingefutika, na bado angekuogopa."

Lamya akaitikia kwa kichwa, taratibu, ili asimshtue njiwa.

Nje ya ua walimsikia Yaser akibembeleza. Alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta, kichwa cha samaki mkononi, akimwomba radhi paka wa jirani.